Mama alipeleka kikapu makumbusho kikiwa na mchele ndani

Wakuu, salaam kwenu. Hili lilitokea hapa Ifakara na nilikuwepo mwenyewe. Chumvi sitaongeza.

Kuna makumbusho madogo yamefunguliwa hapa mjini. Walipita mitaani na kipaza sauti wakiomba watu walete vitu vya zamani.

Kwa ambao hamjawahi, nieleze kidogo. Hawatafuti dhahabu. Hata jembe lililokwisha wanapokea. Wanachotaka hasa ni habari yake: nani alilitumia, na wapi.

Nikampigia mama, yuko Lupiro. Nikamwambia alete kikapu cha mama mkubwa.

Mama mkubwa Gaudensia alikuwa dada yake mama. Kikapu alikisuka mwenyewe kwa ukindu. Kila msimu wa mpunga walihamia shamba pamoja, wakalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia ndege. Mwaka mmoja maji yakapanda, wakaondoka kwa mtumbwi na kikapu hicho kikiwa na mbegu. Mbegu hiyo ndiyo tuliyopanda maji yalipokauka.

Alifariki bila kuacha mtoto.

Mama akauliza, "Wataandika jina lake?"

"Wataandika."

"Basi nakuja. Mimi nikifa, nani mwingine atalitaja?"

Akashuka kwenye bodaboda amepakata kikapu. Nilipompokea, mkono ukaenda chini. Kimejaa mchele.

"Mama, wanataka kikapu tu."

"Uliona wapi chombo kinaingia kwa mtu kitupu?"

Wakuu wa mikoa mingine mnielewe. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, unaweka hata nyanya mbili. Sikubishana.

Anayepokea vitu ni dada mmoja anaitwa Edina, mpole, amevaa glovu. Akamwamkia mama shikamoo, akaanza kujaza fomu. Akaeleza kwamba mchele huleta fukusi, na fukusi akiingia stoo hachagui cha kutafuna. Akaumimina kwenye kiroba, akamkabidhi mama mkononi.

Hapo ndipo tulipokosea. Edina alifuata utaratibu. Mimi niliyejua pande zote mbili nilikaa kimya. Mama akawa amerudishiwa zawadi mbele ya watu.

"Mwanangu, mchele wangu una nini?"

"Hauna kitu mama, ni mzuri sana."

"Ndiyo maana umeurudisha."

Edina akajitahidi kueleza zaidi. Akasema hata kikapu chenyewe kitakaa wiki kadhaa kwenye friza ili wadudu wafe.

"Dada yangu alikuwa haogi maji ya baridi hata kiangazi," mama akasema. "Nipe kikapu changu."

Fomu ilikuwa mezani. Kwenye nafasi ya jina pameandikwa "Gau", basi.

Nikamvuta Edina pembeni. Nikamwambia huyu mama hajaleta mchele, ameleta heshima, na heshima hairudishwi kwenye kiroba.

"Kaka, siwezi kuuingiza stoo."

"Usikae stoo. Ukae tumboni."

Mlinzi alikuwa na jiko la mkaa na sufuria yake, na dagaa aliokuwa amepanga kula peke yake. Tukapika uani. Mama hakutaka kusogea, mpaka alipomwona Edina akipima maji.

"Unapika uji?" Akamnyang'anya kikombe.

Tulikula. Edina akaongeza mara mbili, na mama alikuwa anahesabu. Ndipo akaanza kusimulia, hata mambo nisiyowahi kuyasikia. Kumbe mwenye mtumbwi aliwaambia wachague, kikapu au godoro. Mama alitaka godoro. Dada yake akapakia kikapu, na mama akamnunia mpaka mbegu zilipoota.

"Sikumwambia kwamba alikuwa sahihi," mama akasema. "Andika na hilo."

Edina akaandika, akamalizia na jina. Mama akatia sahihi.

Mlangoni akauliza, "Kitarudi lini?"

"Hakirudi mama. Kinakaa hapa siku zote."

"Na jina?"

"Nalo linakaa."

"Haya."

Baada ya mwezi hivi Edina alikwenda Lupiro na kikapu kipya cha sokoni. Ndani kuna sukari na picha ya kibao cha makumbusho: "Kikapu cha mbegu. Kilisukwa na Gaudensia wa Lupiro. Kilipokelewa kikiwa na mchele." Mama akataka asomewe mara mbili.

Kisha akatoa sukari, akajaza mchele, akamrudishia Edina kikapu. Tangu siku hiyo kinakwenda na kurudi, na sijui nani ataanza kuacha.

Nilichojifunza: ukimpeleka mzazi ofisini, usiwe abiria. Wewe ndiye unayeijua fomu na unamjua mama. Zungumza mapema.

Na kama una kitu cha marehemu juu ya kabati, usiseme ni takataka. Kipeleke pamoja na jina. Tuandikie hapa chini ni kitu gani na kilikuwa cha nani, hata mstari mmoja unatosha.

Nitawasoma jioni. Sasa hivi napeleka kikapu kwa Edina. Safari hii ni karanga.