Gari Likigonga ni Langu, Likinyamaza ni la Familia

Admin, nifichie jina, na picha ya gari msiweke, hapa mtaani Free Area watanijua. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nimefiwa na mume mwaka wa pili sasa, nina watoto wawili. Nashona sare za shule na kuzipeleka Gilgil hadi Naivasha kwa gari aliloniachia marehemu. Ni kuukuu, lakini ndilo jembe langu.

Miezi michache iliyopita likaanza kugonga asubuhi. Nikiwasha tu, ko-ko-ko-ko, kama mtu anapiga sufuria kwa mwiko, halafu linanyamaza na siku nzima linaenda vizuri. Shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja kutusalimia asubuhi moja akaisikia hiyo kelele. "Shem, hii engine imeisha," akasema. "Nipe logbook, ile hati ya umiliki, niuze hii gari kabla haijakuacha njiani huko Kariandusi na mizigo."

Akaniletea fundi wake. Fundi alifika saa saba mchana, mimi ndio nimetoka mjini, injini bado moto. Alisikiliza, hakusikia kitu. Badala ya kusema hajasikia, akamwaga ndani oili nzito, ile wanayowekea magari ya zamani ili yanyamaze. Kesho yake kelele ikazidi. Shemeji akampigia mama mkwe, na mama mkwe, ambaye nampenda sana, akaniambia, "Mwanangu, mambo ya magari waachie wanaume." Niliumia jamani. Nani huliamsha hilo gari kila asubuhi, si mimi?

Nikaenda kwa mzee mmoja Muhindi mwenye duka la spea na yadi nyuma yake, marehemu alikuwa mteja wake. Hakuniuliza mwanamume wangu yuko wapi. Aliuliza, "Inagonga ikiwa baridi tu? Taa ya oil inachelewa kuzima?" Nikasema ndiyo, yote mawili. "Sasa mama, mbona unaniletea ikiwa moto? Wacha hapa jioni, ilale. Kesho tunawasha pamoja."

Asubuhi nikawasha mbele yake, likagonga. Akafungua filta akanionyesha. Ilikuwa ya bei rahisi, haizuii oili kurudi chini usiku, kwa hivyo injini inaamka kavu. Na ile oili nzito, kwa baridi yetu ya asubuhi, inachelewa kupanda. Akabadilisha zote mbili. Siku iliyofuata niliwasha, taa ikazima papo hapo, kimya! Nililia juu ya usukani, kisha nikacheka peke yangu.

Nikampigia shemeji nikidhani atafurahi. "Kumbe iko sawa?" akasema. "Basi hiyo ni gari ya familia. Jina kwa logbook ni la ndugu yangu. Jumamosi tuko kwa mathe Njoro, kuja na ufunguo."

Kumbe mbuzi wa maskini akizaa, ana wenyewe! Nikamwambia, "Shem, ikigonga ni yangu, ikinyamaza ni ya familia?" Akakata simu. Sasa anaambia kila mtu nimekosa adabu. Sawa, nimekosa, na sitaomba msamaha.

Shida yangu ni mama mkwe, huyo mathe wa Njoro. Ndiye aliyenishika mkono tukizika, sitaki kumpoteza, na ameniomba nifike. Nataka kwenda Ijumaa jioni, nililaze gari nje ya dirisha lake kwenye baridi ya Njoro, na asubuhi wote wakiwa kwa chai niliwashe wasikie wenyewe lilivyonyamaza, na mama ajue mambo ya magari nayaweza. Lakini dada yangu ananionya kwamba nikiliingiza boma lile, halitatoka tena.

Nishaurini, nifanye nini? Niende nalo, au nipande boda niende mikono mitupu? Nauliza hilo tu. Kama umekuja kuniambia nimpe ufunguo, pita, kasome kisa kingine.