Wimbo Nilioutafsiri Saluni kwa Bi Zuhura

Harufu ya rasta zinazochomwa ncha kwa kiberiti siisahau hadi leo. Nikiisikia tu narudi Kasingirima, mtaa wa Ujiji, chumba cha mbele cha Bi Zuhura, nina miaka tisa, nimekaa sakafuni nikimtenganishia mama nywele za bandia, na juu ya kabati redio kaseti inapiga bendi ya kwetu.

Jina la bendi sitalitaja. Wapenzi wake ni wengi, na baadhi yao ni mashemeji zangu. Ilikuwa ya kwetu Kongo, na Ujiji nzima iliipenda. Waanika dagaa waliiimba, mafundi baiskeli waliipiga miluzi. Mimi niliichukia, na sikuwa na pa kulisemea hilo.

Mama na mimi tulikuwa tumevuka ziwa miezi michache nyuma, tukikimbia vita. Wenzetu walipelekwa kambini. Sisi Bi Zuhura, mwenye saluni, alitupa chumba cha uani, mama akawa anamsukia wateja. Hatukuwa na karatasi yoyote ya kuturuhusu kukaa mjini. Tulikaa kwa hisani yake, na mama alinionya, "Mgeni hachagui kitanda."

Kwa hiyo kaseti ilipoanza na Bi Zuhura akapiga makofi, niliinuka nikacheza. Benchi la wateja lilikuwa limeziba mlango; ili utoke ilibidi uruke magoti ya wanawake sita. Nikazungusha kiuno kama mtu anayekoroga uji asioutaka.

"Mkongo gani huyu?" walicheka. "Na jina lake eti Furaha."

Hawakujua kwamba nyumbani tulisema Kibembe, na sokoni Kiswahili. Kilingala, lugha ya bendi ile, kwetu kilikuwa lugha ya wanajeshi. Maneno machache niliyoyajua niliyapata mchana mmoja walipoingia uani kwetu na redio yao begani, ikipiga bendi hiyohiyo. Hawakuizima hata walipokuwa wanampiga mjomba.

Siku moja alikuja kusuka mke wa mjumbe, mama mpole mwenye sauti ya juu. Mjumbe ndiye aliyejua nani analala nyumba ipi, kwa hiyo mkewe alipewa kiti chenye mto. Wimbo alioupenda ulipofika akaniita.

"Furaha, hebu tutafsirie. Huyu anaimba nini?"

Nilimtazama mama. Alikuwa ameuma kitana, hakuweza kusema. Nikasikia neno moja nililolijua.

"Anasema fungua mlango," nikasema.

Wakashangilia. "Na hapo?"

Hapo sikujua. Nikawapa yale niliyokuwa nayo. "Anasema laleni chini. Anasema mwanamume wa nyumba hii yuko wapi. Anasema ukilia nakumaliza."

Bi Zuhura akaenda kabatini akazima redio. Mke wa mjumbe alinivuta, akaniegemeza pajani mwake mpaka nywele zikaisha kusukwa. Nilingoja tufukuzwe. Hatukufukuzwa, na kaseti ile haikupigwa tena mimi nikiwapo.

Jioni, tukichambua mchicha uani, mama alisema taratibu, "Haiko vile, mama yangu. Anasema fungua mlango, ni kweli. Ni bwana amechelewa kurudi, anamwomba mke wake amfungulie. Baba yako alikuwa ananiimbia vile."

Baba alikufa kwa homa kabla ya vita, sauti yake siikumbuki. Nilijibu kwamba sitaki kuujua wimbo huo. Mama akasema, "Basi," akaendelea na mchicha. Tangu siku ile alisuka bila wimbo ule. Mimi nilijiona nimeshinda.

Nilikuwa mtu mzima, na mimi mjane, nilipoelewa nilichofanya. Mama alikuwa amevuka ziwa bila picha, bila pete, bila kitenge cha kubadilisha. Sauti ya mume wake aliikuta saluni kwa watu, na mimi ndiye niliyeizimisha. Hakuwahi kunilaumu, kwa kuwa alijua nilichokisikia mle wimboni.

Sasa mama ni mzee, tunaishi Bangwe, kando ya ziwa. Ile bendi siipendi, na sidhani nitaipenda. Lakini akiitaka namwekea kwenye simu, naongeza sauti, nakaa naye mpaka iishe.