Maji ya Kisima Yasiguse Zege

Harufu ya saruji iliyolowa hunisimamisha njiani mpaka leo. Juzi nilikuwa napita mtaa mmoja wa Kariakoo, mkononi nina mfuko wa vitambaa vya mteja, ikanifikia ghafla kutoka kwenye jengo lililozungushiwa mabati. Ni harufu ya ubaridi, kama chungu kipya kilichotiwa maji. Watu waliendelea na safari zao. Mimi nilisimama, nikatazama juu, kama ninavyofanya kila ninapoingia chini ya dari nisiyoijua. Jambo hili sijawahi kumsimulia mtu lote kwa mpangilio, kwa hiyo nivumilieni. Aya hii peke yake nimeifuta na kuiandika mara saba.

Nilikuwa na miaka kumi. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, vyumba sita na ukumbi katikati, na paa lake lilikuwa limechoka kiasi kwamba mvua tuliipokea kwa masufuria. Baba, ambaye alikuwa akiuza vifungo, zipu na nyuzi, aliamua paa lote ling'olewe. Vyumba vya nyuma vingepata mabati mapya, na viwili vya mbele vingewekewa dari ya zege ili siku moja tupandishe ghorofa. Wakati kazi inaendelea tulihamia uani, kwenye banda la bati lililoegemea ukuta wa choo. Tulikuwa wanne: Baba, Mama, mimi, na Bibi aliyemzaa Baba.

Adhuhuri banda lilichemka mpaka vifungo vya Baba ndani ya maboksi vilikuwa vya moto ukivigusa. Vumbi lilikaa juu ya chai kama malai ya maziwa. Bibi, aliyekuwa akiniita mke mwenzangu kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu, aliinua tonge, akalitazama, akasema, "Mke mwenzangu, leo wali tumeuunga kwa nazi na saruji." Tulicheka. Lakini nilimwona akitazama nyumba iliyo wazi juu, kuta zimesimama bila kofia, na uso wake ulikuwa umenywea. Alizaliwa katika chumba cha mbele upande wa mtaani. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: arudi dirishani kwake, aone wapita njia na kuwasema.

Zege lilimwagwa nikiwa shuleni. Niliporudi nilikuta uwanja wa kijivu juu ya kuta, na chini yake msitu wa mirunda, ile miti inayolibeba zege mpaka likomae. Ndani ya vyumba mlikuwa na giza mchana kweupe, maji yakidondoka kati ya miti, na mbao zikilia kidogo kidogo kama mtu anayegeuka kitandani.

Baba akanipa kazi. Kwa siku kumi na nne nilitakiwa kulimwagilia asubuhi na jioni, lisije likapasuka.

"Tumia maji ya muuza maji," akaniambia, kidole juu. "Maji ya kisima yasiguse zege hili. Chumvi inakula nondo. Umenisikia, mama?"

Nilimsikia. Kisima chetu cha uani kilikuwa na maji ya chumvi, ya kuoshea sakafu na choo tu. Nilichora visanduku ishirini na vinane kwenye daftari, kwa rula, na kila nilipomaliza niliweka alama ya vema. Fundi mkuu, mtu mnene mwenye utani, akanibatiza jina. "Injinia! Umeshalinywesha?" Nilijibu kwa kumwonyesha daftari. Sijui nilikuwa mtoto wa namna gani. Alama ikipinda, nilichana ukurasa na kuanza upya.

Siku ya tisa muuza maji hakuja na mkokoteni wake. Siku ya kumi pia hakuja. Mabomba yalikauka mtaa mzima, na Mama alikuwa amebakiza dumu moja la kunywa. Ningemwambia Baba, angesema acha, kesho ipo. Nililijua hilo. Nilichoshindwa kukivumilia ni visanduku vinne vitupu. Basi nikashusha ndoo kisimani. Nilipanda ngazi mara nyingi, maji yakinimwagikia shingoni, na zege likayafyonza kwa mlio mdogo kama wa mtoto anayenyonya. Nikaweka vema nne, zimenyooka. Nikapongezwa.

Mirunda ilipoondolewa, nilikuwa wa kwanza kuingia. Katika chumba cha Bibi, darini upande wa ukuta wa ndani, palikuwa na weupe. Ulikuwa umetandaa kama ramani, na kingo zake zilikuwa na unga. Nilipanda juu ya pipa la mafundi, nikagusa kwa kidole, nikalamba. Ilikuwa chumvi.

Tangu hapo sikula vizuri. Kila siku weupe ulionekana kuwa umesogea. Punje za mchanga zilidondoka na mimi nilizihesabu kama dalili. Mama alidhani nina minyoo, akaninunulia dawa, nikainywa bila ubishi.

Siku ya kuhamia ilikuwa Ijumaa, baada ya swala. Vibarua wawili walikinyanyua kitanda cha Bibi cha samadari kutoka bandani. Bibi alitangulia, kanga mpya, akiwaelekeza: kichwa ukuta wa ndani, miguu dirishani. Nikapiga hesabu ya macho. Kichwa chake kingekaa chini ya weupe kabisa.

Nilijikuta nimesimama mlangoni, mikono nimeitanua.

"Kisiingie!"

"Injinia amepandisha mashetani," Fundi akasema, na vibarua wakacheka.

Baba alinishika bega, akanivuta ukumbini. Fundi akatufuata. Nikasema yote kwa pumzi moja: muuza maji, kisima, ndoo, vema nne. Nikamaliza na kusubiri kofi.

Baba hakunipiga. Aliingia chumbani, akapanda juu ya pipa lile lile, akagusa dari, akalamba kidole. Akautazama weupe kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha akashuka, akaturudia ukumbini na kushusha sauti.

"Fundi. Mtoto alimwagilia juu, siku mbili. Mbona upande wa chini umejaa chumvi?"

Fundi alikuwa anatabasamu bado, lakini macho yake yaliacha kucheka kabla ya mdomo.

"Mzee wangu, hayo mambo madogo."

"Siku ya kumwaga zege, maji mlichota wapi?"

"Muuza maji alichelewa, Mzee. Vibarua wameshasimama, saruji imeshachanganywa kavu. Tulichota kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

Fundi alitazama kisima.

Kutoka chumbani Bibi aliita, "Jamani kitanda kinangoja nini? Mnataka nilale na njiwa?"

Baba alijifuta uso kwa kiganja, akageuka. Alichosema kiliwashangaza wote. "Kitanda cha mama yangu kipelekeni chumba cha nyuma. Huku nitalala mimi."

Bibi alimtukana vizuri sana siku ile, na miaka iliyofuata. Kila mgeni alipokuja alimweleza: mwanangu niliyemzaa mwenyewe amenipora chumba, eti anataka upepo wa mtaani. Wageni walicheka. Baba naye alicheka, akasema uzee unampa mtu kisirani. Hakumwambia habari ya dari; na chumba kikibaki kitupu, angerudi dirishani usiku ule ule. Mama alihamishiwa chumba changu, kwa sababu Baba anakoroma. Ndivyo nilivyoambiwa, na niliamini.

Dari ile ilikaa miaka sita, mpaka Baba alipopata uwezo wa kuivunja. Mafundi wengine walipoipasua, nondo zilitoka zikimenyeka matabaka mekundu, nyingine nyembamba kama waya wa kuanikia nguo. Bibi alikuwa amekaa kibarazani. "Kumbe aliniibia ili aje akivunje," akasema.

Mambo ya zege nimejifunza mwenyewe baadaye, kwa kusoma na kuuliza mafundi, hadi wakanichoka. Najua sasa kwamba ndoo zangu hazikuwa neno mbele ya yale yaliyochanganywa ndani. Kwa muda nilidhani elimu hiyo itanipa nafuu. Haikunipa, kwa sababu kinachonisumbua si ndoo.

Kinachonisumbua ni kwamba jioni ya Ijumaa ile, Bibi alipokuwa salama chini ya bati, hofu yangu iliisha. Iliisha yote. Sikujiuliza nani yuko chini ya weupe ule. Kila asubuhi Baba alitoka chumba cha mbele, mabegani ana vumbi jeupe, nami nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mama. Umelalaje?" Nikajibu nimelala vizuri, na ilikuwa kweli. Yeye sikumuuliza hata siku moja.