Siku ya Kapteni Kunyamaza

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu kubwa ni suruali za watu walionenepa na hawataki kukubali. Lakini shule zinapofungwa, kibanda changu hujaa mahema. Huletwa na jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye mtaa mzima humwita Kapteni, ingawa hajawahi kuvaa sare ya jeshi wala kupanda meli. Kazi yake ni kufundisha vijana kuishi porini: kuwasha moto kwa kuni mbichi, kuchuja maji, kusoma dira, kufunga fundo lisilofunguka mpaka ulitake lifunguke. Zaidi ya hayo huwafundisha kuwaongoza wenzao, na hapo ndipo wengi hukwama. Kuni mbichi ukizibembeleza zitawaka. Kijana wa miaka kumi na sita ukimbembeleza anakucheka.

Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mwanya mpana katika meno ya mbele, na akipiga mluzi kupitia mwanya huo mbwa wote wa mtaa husimama. Stoo yake iko nyuma ya nyumba. Kamba zimetundikwa kwa unene, nyembamba kushoto, nene kulia. Sufuria zimefudikizwa kwenye rafu, masizi yote yamesuguliwa kwa mchanga. Ukiazima shoka kisha ukalirudisha makali yakitazama upande usiotakiwa, atalinyoosha mbele yako bila kusema neno, nawe utaondoka ukijiona umetukanwa.

Hivyo ndivyo alivyomlea bintiye wa pekee. Baba mtu, fundi wa magari, alimpa binti huyo jina la Nati, kwa sababu utotoni alikuwa akiokota nati za gereji na kuzijaza mifukoni. Nati akifua, mama anasuuza tena. Nati akifunga mlango, mama anakwenda kuutikisa. Haikuwa chuki, wala hakuwa na maneno makali. Mikono yake tu haikuweza kutulia karibu na kitu kilichofanywa na mtu mwingine. Kwa hiyo yule binti alikua akijua kwamba kila alichokimaliza bado hakijaisha, na mimi nikisema hilo ni jambo baya kumfanyia mtoto, nasema nikiwa na akili zangu timamu.

Mafunzo ya Kapteni yana utaratibu mmoja ambao sijausikia kwingine. Kijana anayetaka kuwa kiongozi wa kambi hupewa siku yake ya mtihani, na siku hiyo Kapteni hunyamaza. Tangu kikosi kinapoondoka mpaka kifike kambini hasemi, hajibu, hakunji hata uso. Anatembea nyuma kabisa, filimbi yake ya plastiki ya rangi ya chungwa ikiwa shingoni. Filimbi hiyo ni ya hatari ya kufa tu. Ikilia, wote wanasimama, uongozi unarudi kwa Kapteni, na kijana yule ameshindwa. Isipolia mpaka mwisho, anapewa filimbi mpya, yake mwenyewe, mbele ya wenzake wote.

Nati alikuwa amefika mwaka wa mwisho wa shule, na waliomaliza shule hawapokelewi tena. Akishindwa safari hii, ndiyo basi. Jioni kabla ya kuondoka walikuwa kibandani kwangu wote wawili, wamekuja kuchukua hema nililoshona zipu.

"Mama, nisikilize," Nati alisema. "Ukinipulizia filimbi wakati hakuna mtu anayekaribia kufa, sitagusa tena kamba yako. Na usinifundishe kitu kingine maishani."

"Nani kakwambia nitapuliza?"

"Hata sasa hivi unalikunja upya hema nililolikunja mimi!"

Nikageuka kutazama. Kweli, alikuwa analikunja. Aliliachia kama limemchoma.

"Haya," akasema. "Sipulizi."

Nilikuwa shahidi, ingawa mdomo wangu ulikuwa umejaa pini.

Baba mtu si mtu wa hotuba. Alimpa binti yake tochi yake ya gereji, ndogo, yenye sumaku kitakoni, ile anayoinatisha chini ya boneti ili mikono yote miwili ibaki na kazi. "Giza likikukuta," alisema, akarudi zake chini ya gari. Naomba msiisahau hiyo sumaku.

Yaliyotokea huko porini nimesimuliwa na Nati, na mama yake, na vijana waliokuja kushonewa mashanta. Kila mmoja alitia chumvi yake. Nimejitahidi kuipunguza.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Nati alitembea mbele, akapanga nani abebe nini, akamlaza chini ya kivuli binti mdogo aliyepata kizunguzungu na kugawa mzigo wake bila kelele. Shingoni alikuwa na kamba moja, na katika kamba hiyo alikuwa amefunga dira pamoja na tochi ya baba yake. Alifanya hivyo kwa kufuata somo la mama yake, kwamba kitu utakachokihitaji kisikae ndani ya begi. Kapteni, kule nyuma, alichokiona ni kamba tu juu ya kisogo cha mwanawe.

Alasiri njia ikaishia penye magogo yaliyokatwa. Kutoka hapo walitakiwa wapasue msitu kuelekea kaskazini mpaka mtoni, ilipo kambi. Nati akaishika dira, ikiwa imeegemeana na tochi, akaisoma kwa makini yote, akanyoosha mkono, wakaondoka. Hakujua kwamba sindano ya dira ilikuwa inaitii gereji ya baba yake.

Kapteni alijua karibu papo hapo. Mtu anayekwenda kaskazini alasiri jua humpiga bega la kushoto, na pale lilikuwa linawachoma visogo. Walikuwa wanakwenda mashariki. Mashariki kuna korongo lenye kingo za udongo unaoporomoka, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Filimbi ikaingia mdomoni mwake, ikakaa humo.

Mbele yake alitembea kijana waliyemwita Redio, kwa sababu haachi kuzungumza. Redio akageuka. "Kapteni, huku ndiko kweli?" Kapteni akamtazama tu. "Au tumepotea? Kapteni, tikisa kichwa basi nijue umenisikia." Hakupata hata kope.

Baadaye Kapteni aliniambia alichokuwa akikiwaza. Kabla ya korongo kuna mstari wa mawe meupe. Mpaka hapo ardhi ni ngumu, mtu anaweza kupotea lakini hawezi kuanguka. Akajiambia: mguu wa kwanza ukivuka mawe meupe, napuliza, liwalo na liwe. Kwa hiyo aliendelea kutembea, akiona mgongo wa mwanawe unakwenda kusiko kwa kujiamini kabisa, na yule binti mdogo wa kizunguzungu ameanza kulia kwa uchovu.

Mawe yakaonekana. Nati alikuwa amebakiza hatua chache tu kuyafikia, aliposimama. Alikuwa anakitazama kivuli chake. Kilikuwa kimelala mbele yake, kimemtangulia, na yeye alijua kilitakiwa kiwe ubavuni. Akaivua ile kamba shingoni, akaifungua, akaiweka dira juu ya jiwe na tochi akaisogeza mbali. Sindano ikazunguka, ikaelekea kwingine kabisa.

"Jamani," akawaambia, "nimewapoteza. Kosa ni langu. Tunarudi kwenye magogo, tuanze upya."

Redio akalalamika kwa niaba ya wote. Nati akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia, "Wewe utatembea katikati na usinyamaze hata kidogo. Mvua ikianza tutaifuata sauti yako." Wakacheka, hata yule aliyekuwa analia. Mvua ikaja kweli. Walifika kambini wameloa chapachapa, wakawasha moto kwa kuni mbichi, na filimbi ilikuwa haijalia.

Kapteni akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Umefika," alisema. Akampa Nati filimbi mpya na kumshika mkono kama alivyowashika wengine miaka yote, halafu akaenda kukagua mahema.

Ungedhani watarudi nyumbani wamekumbatiana. Walirudi Nati amenuna. Nyumbani sikuzote alimwita mama. Jina la Kapteni, kwake, lilikuwa la kambini. Sasa likaingia jikoni. "Kapteni, chakula tayari." "Kapteni, kuna mgeni." Ukuta wetu ni wa mbao, nasikia kila kitu, na kila nilipolisikia jina hilo nilijikuta nimekosea mshono.

Nikamuuliza Nati alipoleta hema lililochanika.

"Alijua, Fundi. Alijua tangu hatua ya kwanza. Akatuacha twende vile, mtoto wa watu analia."

"Si wewe uliyemwambia asipulize?"

"Nilimwambia asipulize. Sikumwambia asijali. Nikigeuka namwona anatembea tu, kama mtu anayekwenda dukani. Na tulipofika, 'Umefika.' Basi! Hata mbwa huambiwa zaidi ya hapo."

Nikampelekea mama mtu habari hizo, maana umbeya ukiwa na nia njema nauita ujirani. Alikuwa stoo anapanga kamba ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nimefanya alichotaka," alisema.

"Mwambie basi ulivyojisikia."

"Nimwambie nini? Nilinyamaza, na aliniona nimenyamaza." Akanipa mgongo. Akarudia kuzipanga kamba zilezile, nikaondoka. Nilimwonea huruma na nilitamani kumzaba kibao, vyote kwa pamoja.

Wiki ile Kapteni akanitumia sanduku la vifaa vya kubadilishiwa kamba, na aliyelileta ni Nati. Akalimwaga juu ya meza yangu: dira, visu vidogo, filimbi. Akaiokota ile ya rangi ya chungwa.

"Fundi, panya wako wanakula plastiki?"

"Panya wangu wana adabu zao. Hiyo imekuja hivyo."

Akaisogeza mlangoni penye mwanga. Mdomo wa filimbi ulikuwa umetafunwa, umebonyea juu na chini, upande mmoja plastiki imepasuka kabisa. Alama zilikuwa za meno, moja baada ya nyingine, zimezama. Katikati tu palibaki ukanda mwembamba usioguswa, laini, kama ulivyotoka kiwandani. Upana wake ulikuwa upana wa mwanya.

Nati alipitisha kidole pale katikati, akarudia, kisha akakaa kwenye kigoda cha wateja. Kuna siku hata mimi hunyamaza.

Aliondoka na ile filimbi, sanduku akaniachia. Nikasikia mlango wa pili ukifunguliwa.

"Mama."

Sufuria ikawekwa chini.

"Mama, hii umeifanyaje?"

"Iweke chini, itakukata."

"Uliogopa?"

"Nilikuwa nakufa," alisema. Baada ya hapo nilikanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie, na huo ni uungwana ambao sikupewa shukrani yake.

Kesho yake Kapteni mwenyewe aliniletea hema la mwisho. Alilibeba kwa mikono miwili kutoka kwao mpaka kwangu, watu wote wakiona, limekunjwa upande, mkunjo wa Nati huo, kona moja imetoka nje inaning'inia. Akaliweka juu ya meza taratibu. Nikanyoosha mkono niichomeke ile kona ndani.

"Iache," akasema.