Nimekabidhi Nyumba, Nimepoteza Mtani

Leo nimeuza nyumba yangu ya Rahaleo, na nimerudi kwenye makazi yangu mapya ya Likombe na wivu.

Tulisaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nikamkabidhi mnunuzi funguo. Ni kijana Mngoni, kama mimi.

Shahidi alikuwa jirani yangu Bi Somoe, Mmakonde na mtani wangu. Kila asubuhi hunisimanga kutoka uani kwake, nami humjibu.

Leo alinipita kana kwamba mimi ni kiti. Akamwambia kijana, "Mngoni mwingine! Na huyu sura mbaya zaidi!"

Ofisi nzima ikacheka.

Nikasema, "Bi Somoe, mtani wako ni mimi."

"Umehama, mzee. Katafute Mmakonde wako hukohuko Likombe."

Basi, Wamakonde wa Likombe mnaosoma hapa, jitokezeni. Kesho asubuhi nitakunywa chai bila kusimangwa na mtu.