Alama ya Sikio Kwenye Gunia la Chakula cha Mbwa

Siku ya kwanza kazini nilipewa koti la kaki lililonipwaya, filimbi ya shaba, na mbwa kumi na mmoja. Koti nililivaa, filimbi nikaining'iniza shingoni, ila wale mbwa niliwatazama na wao wakanitazama. Ilikuwa Dodoma, nyuma ya ofisi ya mifugo, zamani za Mwingereza. Wazungu waliokwenda likizo kwao Ulaya, miezi sita na zaidi, waliwaacha mbwa wao pale katika banda la serikali. Wengi wa mbwa hao walikuwa wazee, maana mbwa kijana hakosi rafiki wa kumchukua, lakini mzee mwenye meno mabovu nani anamtaka? Kazi yangu ilikuwa kuwalisha.

Baba yangu, Mzee Ndahani, alikuwa na ng'ombe wengi upande wa Msalato. Nilipomwambia nimepata kazi ya serikali alifurahi sana. Nilipomwambia kazi yenyewe ni nini, aliweka chini kibuyu chake cha maziwa.

"Mbwa?"

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu mimi, mpishi wa mbwa! Haya, nenda. Ila watu wakikuuliza wewe ni mtoto wa nani, wewe wataje wajomba zako. Mimi usinitaje."

Lazima mjue baba alikuwa mtu wa namna gani. Sisi Wagogo ng'ombe tunamtambua kwa sikio. Kila mji, yaani boma la familia, una alama yake, na alama ya baba ilikuwa mikato miwili juu na mmoja chini, sikio la kushoto. Mtu wa Makutupora akimwona ng'ombe aliyepotea porini, akatazama lile sikio, alijua ampeleke kwa nani. Baba aliitunza alama ile kuliko macho yake. Sasa mtu kama huyo umwambie mwanawe anakoroga sufuria ya mbwa! Maneno yake nilitembea nayo miaka mingi, na sitaficha, yaliniuma.

Mkubwa wangu wa kwanza tulimwita Bwana Mifugo, yaani daktari wa wanyama wa serikali. Alikuwa mrefu, pua imebabuka kwa jua, na Kiswahili chake alikipata Tanga, kizuri hata mimi kilinishinda, maana nyumbani tulisema Kigogo. Chakula cha mbwa kilikuja kwa treni, cha makopo na cha magunia, nami nilikuwa nafungua na kupakua bila kuuliza. Siku moja alinishika mkono.

"Yohana, hii karatasi ya nje imeandikwa na nani?"

"Sijui, bwana."

"Imeandikwa na anayeuza. Ndani ya kopo kumeandikwa na aliyepika. Wewe soma ndani."

Lakini kabla sijajifunza kusoma ndani nilifanya kosa ambalo hadi leo wajukuu wangu wananicheka. Kulikuwa na mbwa mkongwe kuliko wote, kipofu wa jicho moja. Mimi nimelelewa kwamba mzee ndiye anayeanza kula, na fungu lake ni ini na mafuta ya mkia wa kondoo. Basi nikamheshimu yule mbwa kama ninavyomheshimu babu yangu. Kila asubuhi alipata ini, mafuta, na mfupa wa kutafuna juu yake. Nilijiona nina adabu kweli kweli! Siku ya nne alikuwa amelala ubavu, tumbo limefunga, anatapika povu.

Bwana Mifugo alikesha naye, akapona. Halafu aliniita, nami nikajua koti linarudi.

"Umempa nini?"

Nikamweleza, pamoja na sababu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Yohana," akasema, "umri wa mbwa unauheshimu kwa kumpunguzia chakula. Figo zake zimechoka, meno yameisha, tumbo linakwenda polepole. Mpe nyama nzuri, laini, kidogo kidogo. Mafuta machache, unga wa mifupa mchache. Chakula kibaya kijana atakistahimili. Mzee kitamwua."

Kuanzia siku ile nikawa mwanafunzi. Kopo nililikata pande zote mbili, nikasukuma chakula kitoke kizima, nikakipasua kwa kisu. Nyama ya kweli ina nyuzi, inachanika. Ukikuta vipande vigumu vya duara, hayo ni makoromeo. Ukikuta weusi unaong'aa, hizo ni kwato zilizosagwa, na kwato mbwa hazimfai kitu hata zikiitwa nyama kwenye karatasi. Chakula cha gunia nilikisugua kiganjani na kukinusa, maana mafuta yaliyochacha yanachoma pua hata yakifichwa kwa viungo. Kisha nilionja. Ndiyo, nilionja! Chumvi nyingi huwekwa ili mbwa apende chakula kibaya, na chumvi hiyo hiyo inamaliza figo za mbwa mzee. Mke wangu, Mama Ester, nikirudi nyumbani alisimama mlangoni: "Leo umeonja nini? Nenda kasukutue kwanza, ndipo unisalimie."

Baadaye nilihamishiwa Mpwapwa, kwenye maabara ya mifugo, chini ya mkubwa tuliyemwita Bwana Mpimaji. Huyu hakuwa mtu wa maneno. Alinifundisha kuchoma kijiko cha chakula mpaka kibaki majivu, kwa kuwa majivu mengi meupe ni dalili ya mifupa mingi. Alinifundisha pia glasi ya maji: tia kijiko cha chakula, koroga, acha. Mchanga na mifupa hukimbilia chini, unga wa nyama hufuata taratibu na kuvimba, makapi hubaki yakielea. Aliniachia nitumie kioo chake cha kukuzia. Miaka miwili nilikaa Mpwapwa, na niliporudi Dodoma nilikuwa mtu mwingine.

Dodoma nilimkuta Bwana Mifugo mpya. Kijana, nadhifu, soksi zimevutwa mpaka magotini, na kilichopigwa chapa kwake kilikuwa kweli. Alikuwa ameagiza magunia mapya, chakula cha mbwa wazee peke yao, kutoka kiwanda kimoja cha mbali. Kwenye gunia palikuwa na picha ya mbwa mwenye mvi amekaa karibu na moto, na karani alinisomea maandishi: nyama bora, laini kwa tumbo la mzee.

Nilikinusa, kikanukia mchuzi. Nikaonja, chumvi. Nikamwambia Bwana Mifugo kwamba chakula hiki nina mashaka nacho.

"Wewe una mashaka?" akasema. "Wewe wa chuo gani?"

Nikarudi bandani, wala sikuthubutu kukipima kwa glasi. Mwezi haukuisha, mbwa wazee wakaanza kukonda. Walikula mabakuli yakang'aa, matumbo yakajaa, lakini mbavu zikahesabika. Aliyekonda zaidi ni Meja, mbwa wa Bwana Mkubwa wa Jimbo, mzee wa miaka kumi na mitatu niliyempenda kupita wote. Ilifika mahali akinyanyuka, miguu ya nyuma inamkataa.

Bwana Mifugo aliniita mbele ya wafanyakazi wote. "Chakula ni bora, na mbwa wanakonda. Basi kuna mdomo mwingine unaokula. Bwana Mkubwa anarudi kutoka likizo Jumamosi kwa treni. Siku hiyo utarudisha koti, na barua yako itaandikwa wewe ni mwizi."

Mwizi! Mimi! Jamani, hasira niliyokuwa nayo ningeweza kutafuna nondo. Kazi ingeniuma, ndiyo. Lakini niliwaza jambo moja tu: baba atasikia kwamba mwanawe aliiba chakula cha mbwa. Hata wajomba nisingeweza kuwataja tena.

Nilikaa karibu na Meja nikimkuna shingo, akajikongoja akaenda pembeni kujisaidia. Nikatazama. Wenzangu waliona kinyesi, lakini mimi ni mtoto wa mfugaji. Ng'ombe akiugua, baba haanzi kumtazama macho wala pua, anatazama mavi, ndiyo yanayosema alichokula na kilichomfaa mwilini. Kinyesi cha Meja kilikuwa kikubwa kuliko mlo, kikavu, kinameguka kama udongo wa ukuta. Mbona nilikuwa nasoma kopo na gunia, nikasahau kusoma mahali nilipofundishwa tangu mtoto? Nikachukua chujio la unga, nikakiosha kile kinyesi kwenye maji mengi. Wenzangu walikimbia wakiziba pua. "Yohana amerukwa na akili!" Kilichobaki kwenye chujio kilikuwa vipande vyembamba, rangi ya udongo, vyenye mistari kama wavu. Hata kioo sikukihitaji. Maganda ya karanga!

Jumamosi treni ikafika. Bwana Mkubwa wa Jimbo alikuja moja kwa moja bandani na kofia yake, akamwita mbwa wake. Meja alijaribu kusimama, akaanguka. Yule mzee wa Kizungu alipiga magoti mavumbini.

"Nani amefanya hivi?"

Bwana Mifugo akaninyooshea kidole. Nikavua koti, nikalikunja, nikaliweka mezani. 

"Bwana Mkubwa, koti hili hapa. Naomba glasi tatu za maji kabla hamjalichukua."

Akawageukia wafanyakazi. "Mpeni."

Glasi ya kwanza nilitia nyama kavu ya mbuzi iliyosagwa. Ya pili nilitia maganda ya karanga aliyoyatwanga Mama Ester kwenye kinu chetu, na kila mtu alimwona akiyaleta, amevaa kanga yake ya sikukuu. Ya tatu, nikafungua gunia jipya lililoshonwa, mbele yao, nikachota kijiko. Nikakoroga zote tatu, nikarudi nyuma.

Nyama ilishuka, ikavimba. Maganda yalibaki juu. Glasi ya tatu, ile ya gunia lenye picha ya mbwa kando ya moto, mchanga kidogo ulishuka, na kilichobaki kikatanda juu ya maji, rangi ile ile na mistari ile ile ya glasi ya pili. Kisha nikaleta chujio na kile nilichokiosha, nikakiweka karibu. 

Bwana Mifugo alichovya kidole kwenye glasi ya tatu, akatafuna, akatema. Akachovya tena, kama asiyeamini ulimi wake. Uso ukamgeuka rangi. Na hapa nampa haki yake, kwa maana wakubwa wengi wasingefanya alichofanya: alilichukua koti, akalikunjua, akanishikia mabegani nilivae, mbele ya watu wale wale walioniona nikiitwa mwizi.

"Nimekosea," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Mtu huyu ameona, mimi nimesoma tu."

Mama Ester akapiga kigelegele kikafika stesheni! Mimi niligeuka upande wa ukuta nikafuta macho.

Magunia yote yalirudishwa kwa treni iliyofuata. Meja nilimpa nyama ya mbuzi iliyochemshwa mpaka ikalegea, uji mwepesi wa uwele, na yai kila siku ya tatu. Mwezi uliofuata alitembea mwenyewe hadi stesheni akabwekea treni, na Bwana Mkubwa akanipungia kofia barabarani. Ikatolewa amri kwamba gunia lolote la chakula cha mbwa lisiingie bandani kabla sijalipima na kulitia alama yangu. Karani akaniuliza, alama gani? Sikufikiri mara mbili. Nikachukua mkaa, nikachora sikio, mikato miwili juu na mmoja chini.

Msimu uliofuata baba alileta maksai mnadani. Alipita stesheni, akaona magunia ya serikali yamepangwa, yote yana alama ya ng'ombe wake. Nilikuwa nyuma ya behewa, nikamsikia akiwaka.

"Nani ameiba alama yangu?"

"Mzee, hiyo ni alama ya Bwana Yohana," hamali mmoja akamjibu. "Gunia lisilo na hiyo halipokelewi hapa, hata aje Mzungu nalo. Kwani wewe unamjua?"

Nikatoka. Nikainama, nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, baba."  Aliligusa gunia, akapitisha kidole kwenye mkato wa kwanza, wa pili, na ule wa chini, akakagua kama nimechora sawasawa.

"Ni mwanangu," akamwambia yule hamali. Kisha akanigeukia. "Sasa unaweza kunitaja."

Nilipima magunia mpaka nilipostaafu, Mwingereza alipokuwa anafunga virago vyake. Waliniaga kwa saa ya mezani na maneno mazuri. Siku hizi mjukuu wangu mwenye mbwa mzee huniletea mifuko inayong'aa, imeandikwa kila sifa, aniulize ni mizuri? Namwambia, lete glasi ya maji, kaa hapa, tungoje. Akiwa na haraka namwambia atazame alichoacha mbwa wake uani.

Na watu wakiniuliza mimi ni mtoto wa nani, wajomba zangu wanisamehe. Mimi ni Yohana wa Mzee Ndahani, wa Msalato, sikio la kushoto, mikato miwili juu na mmoja chini.