Hakuna Aliyenipa Sumu

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "sumu kwenye damu", damu hiyo hiyo inanichemka.

Nauza samaki wa kukaanga Kiabakari, kando ya barabara ya Musoma. Siku moja nikipara sato, mwiba wa pezi ulinichoma kidole. Kazi yetu ndiyo hiyo, miba. Nilikinyonya kidole, nikakifunga kitambaa, nikaendelea. Baada ya siku chache mkono ulikuwa umevimba na mimi natetemeka kwenye jua kali. Jirani yangu, mjane anayeuza maandazi, aliniletea uji wa ulezi akaninywesha kwa mkono wake. Ndiye aliyeona kwamba nahema kama mtu aliyekimbia, na kwamba namwita kwa jina la mama yangu aliyekwisha kufa. Alipiga kelele mpaka mume wangu akatafuta gari. Kama si yeye, leo nisingekuwepo wa kusimulia.

Siku za wodini, Musoma, nazikumbuka vipande vipande. Niliona ng'ombe wakitembea darini. Nilimtukana muuguzi kwa maneno ambayo hata sikujua nayajua. Kisha homa ikashuka, mkojo uliokuwa umekatika ukarudi, nikaanza kuwatambua watu.

Siku ya kuruhusiwa, daktari kijana alisimama mbele ya mume wangu na mama mkwe wangu. "Mgonjwa wenu alipata sepsis," alisema. "Yaani sumu iliingia kwenye damu. Sasa amepona, mpelekeni nyumbani." Akageukia kitanda cha pili.

Tulipofika nyumbani, mama mkwe akamwita mwanawe nyuma ya nyumba. Miguu haikuwa na nguvu, lakini masikio yangu yalikuwa mazima.

"Sumu haiingiagi yenyewe," alisema. "Nani alimpa uji?"

Jirani alipokuja kunijulia hali, alizuiwa uani. "Umekuja kumalizia?" mama mkwe alimuuliza. Nilisikia tu kandambili zake zikiondoka. Jumapili ile, niliambiwa, watu kanisani walihama benchi aliloketi. Maandazi yake yakaanza kulala. Mwanamke aliyeniokoa alikuwa amefanywa mchawi kwa neno moja la hospitali.

Nilipinga kwa sauti niliyokuwa nayo. "Ni mwiba wa samaki!"

"Miba inatuchomaga wote," mume wangu alijibu. "Mbona wewe tu?"

Ubaya ni kwamba mwili wangu mwenyewe ulikuwa unatoa ushahidi dhidi ya jirani yangu. Nywele zilitoka kwa mafungu, zikabaki kwenye mto. Nilisahau kama nimetia chumvi, nikatia tena. Kwenda chooni tu, nilipumzika njiani. Nililia bila sababu. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba hayo yangekuja. Tuliambiwa nimepona, basi, na mtu aliyepona hawi hivyo. Wifi yangu akasema sumu bado imo tumboni, nipelekwe Bunda kwa mganga wa kutapisha.

Hapo ndipo hasira iliponiinua kitandani.

"Nitakwenda Bunda," niliwaambia, "lakini kwanza Musoma, kwa yule yule aliyesema sumu. Akiniambia nilipewa, nitatapika."

Tulimkuta daktari kwenye korido. Sikumsalimia vizuri. "Daktari, hawa wanataka kumjua aliyenipa sumu."

Alishtuka. "Sumu gani tena, mama?"

"Si ulisema wewe mwenyewe?" mama mkwe aliruka. "Nilikuwa nimesimama pale!"

"Nilikuwa narahisisha tu."

"Ulimrahisishia nani?" nilimuuliza. "Kuna mwanamke kule hasalimiwi. Nizikwe nisizikwe, yeye mlishamzika."

Sitamsingizia: aliona aibu, na hakukimbia. Alituketisha, akamshika mama mkwe kidole kama kile nilichochomwa mimi. "Bibi, vijidudu viliingia hapa. Mwili wake ukapigana navyo kwa nguvu kupita kiasi, ukaanza kujiumiza wenyewe: figo, mapafu, hata akili. Hakuna mtu aliyempa kitu. Na nywele, kusahau, kuchoka, hayo ni mabaki ya vita hivyo. Yanaweza kuchukua miezi. Akihema haraka tena, akichanganyikiwa, akitetemeka au mkojo ukipungua, mleteni siku hiyo hiyo."

"Sasa hayo," mama mkwe alisema, "ulishindwa nini kuyasema siku ile?"

Ni mara ya kwanza mimi na yeye kukasirika upande mmoja.

Mama mkwe alikwenda kwa jirani peke yake. Aliyoyasema huko siyajui. Jirani ananisalimu, na watu wamerudi kununua maandazi. Lakini hajakanyaga uani kwetu tena, wala simlaumu. Nimekwenda kwake mara nyingi. Ananipa kigoda, ananiuliza mkono unaendeleaje, na tunakaa kama wageni.

Siku hizi nikifuata samaki Musoma, napita wodini. Wauguzi wameshanizoea, wananionyesha familia inayoondoka na mgonjwa wa namna yangu, nami naongea nao kwa lugha ya nyumbani kwao nikiiweza. Siku moja waliniomba nimtembelee mwanamke mmoja Bunda, aliyekuwa ametoka wodini kwa ugonjwa huo huo. Mume wake alinipokea mlangoni akiwa amenuna.

"Alishapona," alisema, "ila amekuwa mvivu. Anashindaga amelala."

Nilimwambia yote, tena kwa ukali kuliko nilivyoombwa. Mkewe alikuwa anasikiliza chumbani. Nilimsikia akianza kulia.

"Itakuwa mpaka lini?" mwanamume aliuliza.

"Sijui. Mimi mwenyewe bado sijamaliza kupona."

Alichukua ndoo mbili tupu zilizokuwa mlangoni, akaenda kisimani mwenyewe.